Kununua Sauti ya Nyumbani: Safari ya Kanda za Muziki wa Kisomali Garissa na Ughaibuni

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii ya mabaharia huenda ikaonekana ngeni mjini Garissa, ambako maji makubwa ni ya Mto Tana na jahazi halionekani. Hata hivyo, maana yake inaeleweka vyema huko. Aliyehama hutafuta njia ya kurejea, na aghalabu njia iliyo karibu zaidi ni wimbo.

Mwaka jana mjomba wangu aishiye Minneapolis, Marekani, alinipigia simu. “Abti,” aliniambia, kwani kwa Kisomali mjomba na mpwa huitana kwa jina hilo moja, “wewe ndiye msomi wa fasihi simulizi. Nitafutie wimbo ule wa mama yako.” Hakujua jina la wimbo wala la mtunzi. Alikumbuka mstari mmoja tu na sauti ya mwanamke aliyeuimba. Ombi hilo ndilo lililozaa makala haya. Yanadhamiria kueleza jinsi muziki wa Kisomali ulivyotafutwa na kununuliwa na watu walio mbali na chimbuko lake, na hasara iliyoifikia fasihi simulizi katika safari hiyo.

Wimbo mmoja, wenyewe watatu

Ni muhimu kwanza kufahamu umbo la wimbo wenyewe. Katika hees, yaani wimbo wa kisasa wa Kisomali, kazi hugawanywa aghalabu baina ya watu watatu: mtunzi wa maneno, mtunzi wa lahani na mwimbaji. Wasomali huiita lahani laxan, neno lenye asili moja ya Kiarabu na neno letu. Lahani hiyo hujengwa juu ya ngazi ya toni tano, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya muziki wa jadi wa Ethiopia, Sudan na hata Japani.

Maneno nayo yana sheria yake. Mshairi wa Kiswahili wa kimapokeo hufungwa na vina mwishoni mwa kipande, ilhali mwenzake wa Kisomali hufungwa mwanzoni mwa neno. Huchagua sauti moja, na katika kila mstari lazima pawepo neno linaloanza kwa sauti hiyo. Kwa mfano, wimbo maarufu wa Beledweyn uliimbwa na Hasan Adan Samatar, lakini maneno yake ni ya mshairi Mohamed Ibrahim Warsame, ajulikanaye kama Hadraawi, aliyefariki mwaka 2022. Msikilizaji wa kawaida humkumbuka mwimbaji. Mtunzi hubaki nyuma ya pazia.

Kanda zilivyofika Garissa

Muziki huu ulilelewa na redio. Redio Hargeisa ilianza mwaka 1943 na Redio Mogadishu mwaka 1951. Baadaye kundi la Waaberi na bendi kama Iftin na Dur-Dur zilivuma. Kwa kuwa sehemu kubwa ya nyimbo ilirekodiwa na redio za serikali, sahani za santuri zilikuwa chache. Watu walijirekodia wenyewe kutoka redioni, kisha wakanakiliana kanda.

Mwaka 1988 mji wa Hargeisa ulipigwa mabomu na ndege za serikali ya Siad Barre. Baadhi ya kanda zilinusurika kwa kufukiwa ardhini au kuvushwa hadi Djibouti na Ethiopia. Serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1991, maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Kenya. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianzishwa huko Dadaab, takriban kilomita 100 kutoka mjini Garissa, katika miaka ya 1991 na 1992. Wakati huohuo, mtaani Eastleigh jijini Nairobi, nyumba ya wageni iitwayo Garissa Lodge iligeuka soko: wakimbizi waliokodi vyumba vya kulala wakawa wanauzia bidhaa humo humo. Mizigo iliyosafiri baina ya Eastleigh, Garissa na Dadaab ilibeba nguo, sukari na kanda.

Namna ya kununua

Mteja hakununua albamu kama tujuavyo leo. Alimwendea mwenye duka aliyehifadhi kanda mama, akataja waimbaji awapendao, akalipia kanda tupu na kazi ya kunakili. Kanda ya dakika 60 ilichukua dakika 30 kila upande, hivyo ilimbidi achague nyimbo kwa makini. Jambo la kuchekesha ni kwamba kanda zenyewe aghalabu zilikuwa na chapa za Kijapani, TDK, Sony au Maxell, na sauti iliyokuwamo ni ya Mogadishu.

Aidha, kila nakala iliongeza mvumo. Aliyenakili kutoka nakala ya nakala alipata sauti iliyofifia na mvumo uliozidi. Aliyetaka kuilinda kanda yake isifutwe kwa bahati mbaya alivunja vijino viwili vilivyo ukingoni mwake, nacho kinasa sauti kikakataa kurekodi juu yake.

Kanda ya mama niliikuta katika sanduku la bati, chini ya vitambaa. Vijino vilikuwa vimevunjwa. Juu ya karatasi yake mama alikuwa ameandika neno moja la Kiswahili: “Usifute.” Hapakuwa na jina lolote. Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Sauti ilivuka mpaka, lakini majina yalidondoka njiani, na la kwanza kudondoka lilikuwa la mtunzi wa maneno.

Kutoka kanda hadi simu

Baada ya kanda zilikuja sidii, kisha kadi za kumbukumbu za simu, na hatimaye intaneti. Hata hivyo, njia haikuwa nyoofu. Mwezi Aprili 2010 kundi la Hizbul Islam liliamuru redio za Mogadishu zikome kupiga muziki. Hivyo, wimbo uliozimwa nyumbani ulizidi kutegemea wasikilizaji walio nje.

Katika miaka ya karibuni mambo yamebadilika. Mjini Hargeisa, wakfu wa Redsea umekusanya kanda zaidi ya 10,000. Mwaka 2013 kampuni ya Awesome Tapes From Africa ilitoa upya kazi ya Dur-Dur, na mwaka 2017 kampuni ya Ostinato ilitoa mkusanyiko wa Sweet as Broken Dates, ulioteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Matoleo ya namna hii huja na maelezo na majina. Mnunuzi wa Minneapolis anaweza leo kupata kwa njia halali wimbo uliowahi kunakiliwa kibandani bila jina.

Mawaidha kwa mtafutaji

Kwanza, nakili kanda nzee kabla ya kuichezesha mara nyingi, kwani utepe uliochakaa hukatika. Pili, sikiliza sauti inayorudiwa mwanzoni mwa maneno. Mstari wa mjomba ulirudia sauti /d/. Kwa kuwa sauti hiyo aghalabu hudumu wimbo mzima, niliziweka kando nyimbo zote zilizorudia sauti nyingine, nikabakiwa na mbili, na mmoja ndio uliokuwa na mstari wake. Tatu, waulize wazee ungali na muda. Nne, palipo na toleo halali, linunue, maana ndilo linalotaja wenye kazi na linaloweza kuwafaidi.

Hitimisho

Msomaji mpendwa, jambo hili si la Wasomali pekee. Tenzi za Chimiini, lahaja ya Kiswahili ya Barawa ambayo wasemaji wake wengi walitawanyika baada ya 1991, na nyimbo za Wapokomo wa kandokando ya Mto Tana, nazo zimo katika kanda zisizo na majina. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hukariri kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii. Ni kweli, lakini tusiifanye kauli hiyo kuwa kisingizio cha kumsahau fanani aliyejulikana jina lake na jirani zake.

Katika soko la Suuq Mugdi, mzee mmoja alisikiliza nakala yangu kwa sekunde chache akamtaja mwimbaji bila kusita. Nilipomuuliza mtunzi wa maneno, alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Huyo tulimjua.” Mjomba amepata wimbo wake, na aliposikia sauti ile simuni hakusema neno mpaka ulipokwisha. Kwenye nakala yangu nimeandika jina la mwimbaji, na chini yake nimeacha mstari mtupu.