Jicho Kwanza, Kamera Baadaye

Fungua albamu ya picha iliyomo nyumbani mwako. Bila shaka utaona arusi, mahafali na maziko. Je, utamwona baba akiwa kazini? Utaliona jembe la mama, au baiskeli iliyowapeleka watoto shuleni? Aghalabu hutaviona. Tumezoea kuvaa nguo za sikukuu na kusimama wima mbele ya kamera, tukidhani kwamba mambo ya kila siku hayastahili picha.

Mkoa wa Shinyanga unatupa funzo. Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Alizawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake, na jiwe hilo limepigwa picha mara nyingi. Lakini wajukuu wangapi wa wafanyakazi wa mgodi ule wanayo picha ya babu akichekecha mchanga?

Siku hizi kamera imo mfukoni, ndani ya simu. Kilichobaki ni kulifunza jicho, na mafunzo yake hayana ada.

Kwanza, itazame nuru. Shinyanga na Geita zi karibu na ikweta. Saa sita mchana jua huwa utosini, na macho ya mtu huzama katika kivuli cha paji la uso. Saa moja na nusu asubuhi, au saa kumi na moja jioni, nuru huja kwa mshazari. Hapo majabali huonyesha mikunjo yake, na vumbi la ng'ombe wanaorudi zizini hung'aa.

Pili, sogea karibu. Katika machimbo madogo ya Nyarugusu, mkoani Geita, mgeni hupiga picha ya mashimo na umati. Mwenye jicho hutazama mikono ya mama anayeponda mawe kwa nyundo, au matimba yanayozuia kuta za duara zisiporomoke. Mikono hiyo hueleza thamani ya dhahabu kuliko pete ya dukani. Ila omba ruhusa kwanza. Mtu si mandhari.

Tatu, rudi pale pale. Chagua ngitili moja, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Simama juu ya jiwe lile lile mwezi Aprili, kisha Septemba, mwaka baada ya mwaka. Katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa imebaki tupu kwa kukatwa miti, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliowahimiza wananchi kurudisha ngitili zao. Anayesimulia mabadiliko hayo kwa maneno huweza kubishiwa. Mwenye picha mbili za mahali pamoja husikilizwa.

Jumapili hii, wape wanao kazi ndogo. Kila mmoja achague kitu anachokipita kila siku, akitazame kwa dakika tano, ndipo apige picha moja tu. Kisha mpige baba au mama akiwa kazini, na picha hiyo uisafishe kwenye karatasi. Simu hupotea, na mzee aliyemo ndani yake akapotea nayo.