Leo Fender: Fundi redio aliyelikuzia gitaa sauti

Tunapopiga muziki wa dansi hewani, wengi wenu mnatuandikia kuuliza nani anapiga solo na nani anapiga besi. Hakuna anayeuliza kuhusu sanduku lililo nyuma ya wapigaji hao, ingawa bila sanduku hilo gitaa la umeme halisikiki hata upande wa pili wa chumba. Sanduku hilo ni amplifaya. Katika makala haya tunamkumbuka Mmarekani Leo Fender, mmoja wa watu waliolifikisha hapo lilipo.

Mtoto wa wakulima

Fender alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 huko California. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa. Akiwa na miaka 8 alipoteza jicho la kushoto kwa sababu ya uvimbe, akawekewa jicho la kioo. Alipokuwa kijana alimtembelea ndugu wa familia yao aliyekuwa na karakana ya umeme, akakuta redio iliyoundwa kwa vipuri ikipiga muziki kwa sauti kubwa. Sauti hiyo hakuisahau.

Hata hivyo alisomea uhasibu, si ufundi. Uchumi wa Marekani ulipoanguka miaka ya 1930, akapoteza kazi. Mwaka 1938 alikopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Wanamuziki wa mji huo walianza kumletea vyombo vyao vilivyoharibika, na hapo ndipo safari yake ilipoanzia.

Amplifaya hufanya nini?

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa katika ule waya. Umeme huo hauwezi kusukuma spika.

Mfikirie mkulima anayesimama kwenye lango la mfereji wa kumwagilia shamba. Nguvu ya mkono wake ni ndogo, lakini akifungua na kufunga lango, maji mengi hupita au husimama kwa kufuata mkono wake. Umeme wa gitaa ni ule mkono. Umeme wa ukutani ni maji ya mfereji. Lango, wakati huo, lilikuwa valvu, yaani kile kichupa cha kioo kinachowaka ndani kama taa. Redio za zamani zilitumia valvu za aina hiyohiyo, ndiyo maana fundi redio aliielewa kazi hii mapema.

Hakujua kupiga gitaa

Fender hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Aliwapa wanamuziki vyombo wakavijaribu kwenye kumbi za dansi, akasikiliza malalamiko yao, kisha akarudi mezani kurekebisha. Kama fundi, alijua kitu gani huharibika na kwa nini. Amplifaya zake ziliwekwa katika masanduku ya mbao imara yaliyofunikwa kitambaa kigumu kama cha masanduku ya safari. Ndani, vipuri vilipangwa kwa mstari ili fundi yeyote avione, na karatasi ya kuonyesha kila valvu inakaa wapi ilibandikwa humohumo.

Mwaka 1946 alianzisha kampuni yenye jina lake. Mwaka 1951 akatoa gitaa la besi, na kwa kuwa sauti nzito huhitaji nguvu zaidi, mwaka 1952 ikafuata amplifaya yake, Bassman. Katikati ya miaka hiyo ya 1950 ikawekewa spika nne za inchi 10. Ilikusudiwa besi, lakini wapigaji wa solo waliipenda na kuichukua.

Huko London, Uingereza, Jim Marshall alikuwa na duka la vyombo vya muziki. Amplifaya za Marekani zilikuwa ghali kwa vijana wa huko, hivyo mwaka 1962 yeye na mafundi wake waliunda ya kwao kwa kufuata mfano wa Bassman. Kutokana na hiyo ndipo zikaja amplifaya kubwa za Marshall tunazoziona nyuma ya bendi za roki.

Aliuza akidhani anakufa

Mapema miaka ya 1960 Fender aliugua muda mrefu, akaamini hana maisha marefu. Mwezi Januari 1965 kampuni ikauzwa kwa CBS kwa dola milioni 13. Baadaye alipata tiba iliyomponya, lakini kampuni haikuwa yake tena. Akaanza upya, akatengeneza vyombo kwa majina mengine, na aliendelea kufanya kazi hadi karibu na kifo chake, tarehe 21 Machi 1991.

Kama mna amplifaya kijijini

Kwaya na bendi nyingi hutumia vyombo vilivyokwisha kutumiwa na wengine. Tunawakumbusha mambo matatu. Kwanza, msichomeke gitaa la besi kwenye spika ya redio ya nyumbani. Karatasi ya spika hiyo hupasuka upesi. Pili, amplifaya ya valvu isiwashwe ikiwa waya wa spika umechomoka, kwa sababu inaweza kuungua. Tatu, msiifungue. Ndani yake hupita umeme wa volti 300 na zaidi, na hata ikishachomolewa ukutani, umeme unaweza kubaki kwenye kapasita na kuua mtu. Mpelekeeni fundi anayezijua.

Na mkimpata fundi wa namna hiyo, mpeni kijana mmoja wa kukaa naye na kujifunza.