Hospitali Zilizohamwa: Beelitz-Heilstätten

Beelitz-Heilstätten ni hospitali iliyojengwa kama mji mdogo ndani ya msitu wa misunobari, kiasi cha kilomita 50 kusini-magharibi ya Berlin. Eneo lake ni hekta 200 hivi, na majengo yake yapata 60. Ujenzi ulianza 1898, wagonjwa wa kwanza wakapokelewa 1902. Leo baadhi ya majengo hayo ni magofu.

Mjenzi wake hakuwa mfalme wala kanisa, bali mfuko wa bima wa wafanyakazi wa Berlin. Sheria ya Ujerumani ya 1889 iliwalazimu wafanyakazi na waajiri wao kuchangia bima ya uzee na ulemavu. Haukupita muda, mfuko ukajikuta unawalipa pensheni watu ambao bado ni vijana, mafundi na vibarua waliodhoofishwa na kifua kikuu. Daktari Robert Koch alikwisha kutangaza kimelea cha ugonjwa huo 1882, tena papo hapo Berlin, lakini dawa ya kukiua haikuwepo. Kilichokuwepo ni hewa safi, mapumziko na chakula cha kutosha, na hivyo vitatu havikupatikana katika vyumba vya kupanga vya Berlin, vilivyosongamana watu na kukosa jua. Kwa kuwa sheria iliuruhusu mfuko kumtibu mwanachama kabla hajalemaa, hesabu ilikuwa nyepesi: kumtunza fundi msituni kwa miezi michache ni nafuu kuliko kumlipa pensheni hadi kufa. Huruma huenda ilikuwepo. Ila uamuzi ulipitia kwa mhasibu.

Ramani ilichorwa na msanifu majengo Heino Schmieden. Reli na barabara zinakatana katikati na kuligawa eneo mafungu manne. Kaskazini ya reli walilazwa wenye kifua kikuu, kusini wenye maradhi yasiyoambukiza. Wanawake walikaa magharibi ya barabara, wanaume mashariki, na hata kazi zikafuata mgawanyo huo: jiko na udobi vilikuwa upande wa wanawake, karakana, mazizi na mitambo upande wa wanaume. Palikuwa na kituo cha treni, posta, tanuri la mikate na bucha. Mtambo wa kuzalisha umeme haukuacha joto lake lipotee; lilipelekwa kwa mabomba kupasha moto majengo, jambo la kisasa sana kwa wakati ule. Wodi zilielekezwa kusini kufuata jua, zikawa na veranda ndefu ambako wagonjwa walilala kwa saa nyingi kila siku, wamefunikwa mablanketi, hata wakati wa baridi kali. Matibabu yenyewe yalikuwa hayo hasa. Upanuzi wa 1905 hadi 1908 uliongeza vitanda kutoka 600 hadi 1,200.

Vita Kuu ya Kwanza iliigeuza kuwa hospitali ya majeruhi. Mmoja wao, aliyelazwa tangu Oktoba hadi mwanzoni mwa Desemba 1916 kwa jeraha la paja alilolipata katika mapigano ya Somme, alikuwa Adolf Hitler, wakati huo askari wa cheo cha chini. Watembezaji wa wageni hupenda sana kisa hiki, ingawa katika historia ya hospitali kina uzito mdogo.

Mwaka 1945 jeshi la Kisovieti liliichukua, na ikabaki mikononi mwake, kisha mwa jeshi la Urusi, hadi 1994. Hapo ndipo Beelitz ilipoachana na njia ya hospitali nyingine za aina yake. Streptomaisini, iliyogunduliwa 1943, na dawa zilizofuata ziliziondolea hospitali za msituni na milimani za Ulaya wagonjwa wao, nyingi zikafungwa. Beelitz iliendelea kwa sababu askari huugua kila kitu. Hospitali ya Kibong'oto ya Kilimanjaro, iliyoanza 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, ilinusurika kinyume chake: haikuuacha ugonjwa huo, na sasa ni hospitali maalumu ya magonjwa ambukizi.

Mgonjwa wa mwisho mwenye jina kubwa alikuwa Erich Honecker, kiongozi aliyeangushwa wa Ujerumani Mashariki. Alikaa humo tangu Aprili 1990. Waranti ya kumkamata ilipotolewa, polisi wa Ujerumani hawakuweza kuingia katika eneo la jeshi la kigeni, na Machi 1991 akasafirishwa kwa ndege hadi Moscow.

Jeshi hilo lilipoondoka, mali ilirudishwa, ikauzwa, na mwekezaji akafilisika. Mabomba ya shaba yaliibwa, madirisha yakavunjwa, kuta zikachorwachorwa, na paa zilipovuja kuvu ikamaliza plasta na mbao. Baadhi ya majengo yalikarabatiwa mapema na kuwa kliniki za urekebishaji wa wagonjwa wa mishipa ya fahamu na za ugonjwa wa Parkinson. Mengine yanageuzwa makazi. Roman Polanski alirekodi hapo sehemu ya filamu yake The Pianist.

Gofu mashuhuri kuliko yote ni jengo la wanawake waitalo Alpenhaus. Liliungua mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili na halikutengenezwa tena, hivyo miti ikaota juu yake mpaka paa lote likawa msitu. Tangu 2015 ipo njia ya miguu iliyoinuliwa zaidi ya mita 20 kutoka ardhini, na wageni hulipa kiingilio ili kulitazama kutoka juu.