Rekodi za jinai: mwajiri asinunue kesi

Msimu wa korosho unapokaribia, wafanyabiashara wa Nambambo na maeneo mengine ya Nachingwea na Ruangwa hutafuta watunza ghala, makarani na madereva. Mtu mmoja mwenye mkono mrefu anatosha kumaliza faida ya mzigo ulionunuliwa kwenye minada ya Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI.

Kampuni binafsi za kupekua waombaji kazi zipo, lakini mafaili ya polisi si bidhaa ya sokoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu taarifa za makosa kuwa taarifa nyeti. Kwa kawaida, kuzitumia kunahitaji ridhaa ya maandishi ya mhusika.

Njia salama ni mwombaji mwenyewe kwenda polisi, kutoa alama za vidole na kuomba hati ya tabia njema. Majina hufanana, vidole havifanani. Anayelipia taarifa za mlango wa nyuma anaweza kumnyima kazi asiye na kosa, na yeye mwenyewe akajikuta mahakamani.

Hata hivyo, hati haihesabu magunia. Mizani, leja na wadhamini bado vinahitajika.