Bwawa la paa lijazwe na mvua ya paa

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kupumzika mwishoni mwa wiki bila kwenda Bagamoyo wala kupanda boti ya Zanzibar, siku hizi ana njia nyingine: apande juu. Viwanja vya Posta na Kisutu vimejaa, na hoteli mpya za katikati ya jiji haziwezi kuchimba bwawa la kuogelea uani kwa sababu uani wenyewe haupo. Zimelipeleka paani. Nililala katika mojawapo na binti yangu, na nasema bila kusita kwamba ni starehe inayostahili pesa yake. Lakini ina jambo moja ambalo sisi wateja tuna haki ya kulidai, nalo ni kujua maji yanatoka wapi.

Kwanza starehe yenyewe. Ukifungua mlango wa kioo ghorofa ya juu, upepo wa bahari unakupokea kabla hujaona chochote. Kisha mji unajipanga mbele yako. Kuna paa la vigae vyekundu la kanisa la Azania Front, kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na katikati yake mlango wa bandari ambako pantoni inavusha watu wa Kigamboni huku meli ya makontena ikisubiri zamu. Hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa 1965 ikawa fahari ya taifa changa, sasa unaitazama ikiwa chini yako. Mtu aliyezaliwa Dar anaweza kukaa saa nzima pale akimwonyesha mtoto shule aliyosoma na kituo alichokuwa akishukia daladala.

Saa nzuri za kuogelea ni asubuhi mpaka saa tatu, na jioni kuanzia saa kumi na moja. Mchana jua la paani halina kivuli cha kulizuia, na sakafu inaunguza nyayo. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: kina cha maji, kama yupo mwokoaji muda wote bwawa linapokuwa wazi, na kama muziki wa baa ya paani unafika vyumba vya juu. Wenye watoto waulize hilo la mwokoaji mara mbili.

Asubuhi iliyofuata niliwahi kupanda, nikamkuta kijana anayetunza bwawa akiwa peke yake. "Shikamoo mama," alisema, akaendelea na kazi. Alichota maji kwenye kichupa, akatia kidonge, maji yakageuka ya waridi, akayalinganisha na rangi zilizochapwa pembeni ya kifaa chake. Hicho ni kipimo cha klorini. Akapima pia kiwango cha asidi kwa matone, akaandika namba kwenye daftari. Aliniambia jua linakula klorini haraka, ndiyo maana dozi kubwa huitia usiku. Akanifafanulia pia kitu ambacho wengi tunakielewa kinyume: harufu kali ya bwawa haimaanishi kwamba klorini imezidi. Inatokea klorini inapokutana na jasho, mafuta ya mwilini na mkojo. Kwa hiyo lile bango la kutuomba tuoge kwanza lina maana kamili. Asiyeoga anamfanya kijana yule amwage dawa zaidi.

Kisha akaonyesha ukingo ambako maji yanaonekana kama yanamwagikia baharini. Hayamwagiki. Yanadondokea mfereji uliofichwa upande wa chini, yanakwenda kwenye tangi, yanachujwa na kurudishwa na pampu. Bwawa lile lina urefu wa mita 12 hivi, upana wa mita 5 na kina cha mita 1.3. Zidisha, unapata karibu lita 78,000, na kwa kuwa lita elfu moja ni tani moja, kuna tani 78 za maji juu ya vichwa vya waliolala. Ndiyo maana mabwawa mengi ya paani hayana kina kirefu, na ndiyo maana mhandisi lazima aliweke bwawa kwenye ramani kabla ya msingi kuchimbwa. Paa halivumilii mawazo ya baadaye.

Sasa maji. Jua na upepo wa paani vinaondoa maji kila siku. Ukikadiria milimita 5 kwa siku katika bwawa la ukubwa ule, ni lita 300, yaani madumu 15 ya lita ishirini yanayopotea hewani na kujazwa tena. Kwa kawaida yanajazwa kutoka bombani, na bomba la Dar kwa sehemu kubwa ni Mto Ruvu. Maji yanayoshuka kutoka milima ya Uluguru husafishwa kwenye mitambo miwili mikubwa, Ruvu Chini yenye uwezo wa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu yenye lita milioni 196. Vuli ya 2022 ilipochelewa, mto ulipungua na mgawo wa maji ukatangazwa. Waliokuwa Dar wanakumbuka foleni za ndoo na maboza yaliyokuwa yakiitwa huku na huku. Madumu 15 kwa siku si kitu mbele ya mahitaji ya jiji zima, lakini kwa familia ya Kimara iliyokosa maji siku tatu ni kitu kikubwa mno.

Suluhisho linanyesha juu ya paa hilohilo. Dar hupata takribani milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, nyingi zikiwa za masika na vuli. Paa la mita za mraba 600 hupokea lita 660,000. Bwawa letu linapoteza lita 110,000 hivi kwa mwaka mzima. Hata nusu ya mvua ikipotea njiani, bado inayobaki ni mara tatu ya hitaji. Kiangazi cha kuanzia Juni hadi Septemba kinahitaji akiba ya lita 36,000 au zaidi kidogo, yaani simtanki nne za lita elfu kumi. Hoteli yenye uwezo wa kubeba tani 78 paani haishindwi kuweka matangi manne chini. Leo mvua hiyo hupita kwenye mabomba ya paa hadi barabarani, ikapotea.

Wapo waliokwisha kufikiri hivi kwa kiwango cha jiji zima. Bwawa la paani mashuhuri kuliko yote duniani liko Singapore, katika hoteli ya Marina Bay Sands iliyofunguliwa 2010: lina urefu wa karibu mita 150, limelazwa juu ya minara mitatu. Ghuba iliyo chini yake iliwahi kuwa ya maji ya chumvi. Lilipofunguliwa lambo la Marina Barrage 2008, ikageuzwa hifadhi ya maji yasiyo na chumvi, inayokusanya mvua ya katikati ya jiji. Wageni wanaogelea juu, na mvua ya mji wao inatunzwa chini.

Sisi hatuhitaji kusubiri mradi mkubwa. Bwawa la Kidunda linalojengwa Morogoro litasaidia Mto Ruvu, lakini matangi ya hoteli yanaweza kufungwa kabla ya masika ijayo. Halmashauri ya Jiji iweke sharti hilo kwenye kibali cha kila jengo jipya lenye bwawa paani. Wenye hoteli wafunike bwawa usiku, na maji ya kusafishia chujio wayapeleke vyooni badala ya mferejini. Nasi tunaopiga simu kuuliza bei ya chumba na kama chai ya asubuhi ina supu na chapati, tuongeze swali moja: bwawa lenu mnalijaza kwa maji gani? Meneja akiulizwa na wateja kumi kwa wiki, atakwenda kumuuliza fundi wake.