Wataalamu na Serikali (sehemu ya pili): Lwiro haikufungwa, iliachwa

Wiki iliyopita tuliiacha Akademia ya Sayansi ya Paris imepigwa marufuku. Colbert, waziri wa mfalme Louis wa 14, aliianzisha mwaka 1666, na mfalme akawa analipa mishahara. Mwaka 1793 wanamapinduzi wakaivunja kwa kuwa ilinuka ufalme. Mwaka 1795 wakairudisha kwa jina jingine, maana jamhuri nayo ilihitaji watu wa kupima ardhi na kutengeneza baruti. Wenzao wa Royal Society huko London walipata hati ya mfalme mwaka 1662, ila hazina hakuwafungulia, wakabaki wakichangishana ada. Hapo tangu mwanzo utaona njia mbili: kulishwa na serikali na kuitii, au kujilisha na kubaki na njaa yenye uhuru kidogo.

Sisi wa Kivu tuna kisa chetu. Shika barabara ya Kavumu, pita uwanja wa ndege, na kiasi cha kilomita 45 kaskazini ya Bukavu utafika Lwiro. Wengi hupajua kwa ajili ya sokwe, ambao makao yao yalianzishwa mwaka 2002. Lakini yale majumba makubwa na ile maktaba inayowashangaza wageni havikujengwa kwa ajili ya sokwe. Yalikuwa makao ya IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi Afrika ya Kati, iliyoundwa mwaka 1947 kwa amri iliyotoka Brussels. Mkurugenzi wake wa kwanza, Louis van den Berghe, alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya nchi za joto. Matawi yakafunguliwa Uvira kwa ajili ya ziwa Tanganyika, Astrida huko Rwanda kwa ajili ya mambo ya jamii, na kwingineko.

Tusijidanganye kuhusu nia ya mkoloni. Vita vilikuwa vimekwisha, Umoja wa Mataifa ulikuwa umeanza kuuliza maswali kuhusu makoloni, na Ubelgiji ilitaka kuonekana inatawala kwa akili. Jean Hiernaux wa IRSAC alipima miili ya Wanyarwanda na Warundi, urefu na vichwa, kwa utaratibu ambao leo unatia kinyaa ukikumbuka siasa ya ukabila ilivyokula matunda ya elimu ya namna hiyo. Mkongomani alikuwepo Lwiro kama dereva, mkamata wadudu, msaidizi wa maabara. Kusaini makala lilikuwa jambo la Mzungu.

Hata hivyo, mtafiti ukimlipa halafu ukamwacha muda mrefu kijijini, huenda akarudi na jibu ambalo hukumtuma. Jan Vansina aliajiriwa na IRSAC mwaka 1952, akaenda kukaa na Wakuba wa Kasai. Alichorudi nacho ni hoja kwamba masimulizi ya wazee yanaweza kupimwa na kuchambuliwa kama hati yoyote ya historia. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1961, koloni likiwa tayari limekufa.

Uhuru haukuiua Lwiro. Kazi ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote ilifanyika baada ya 1960, kisiwani Idjwi, pale tunapopaona kila siku ng'ambo ya maji. Watu wengi walikuwa na rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, na watoto kadhaa walizaliwa na akili iliyodumaa. Kila daktari alijua kisababishi: upungufu wa madini joto katika udongo na maji. Madaktari wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels, François Delange na wenzake, wakishirikiana na Lwiro, walipima kisiwa kizima na kukuta kitendawili. Madini joto yalikuwa haba kaskazini na haba kusini-magharibi, lakini rovu lilijaa kaskazini tu. Kama upungufu ni uleule, mbona ugonjwa haulingani?

Wakafuata chakula. Muhogo usiolowekwa vizuri hubaki na sumu, na mwili ukijitahidi kuivunja hutoa kemikali inayozuia tezi kuchukua hata kile kidogo cha madini joto kilichopo. Kwa hiyo udongo maskini huandaa ugonjwa, na sahani ya kila siku huukamilisha. Walijaribu pia sindano ya mafuta yenye madini joto, na ikafanya kazi. Jambo hilo lilianzia kwa mama wa Idjwi anayeloweka mihogo, likaishia katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Hakuna waziri aliyeliagiza.

Hapo ndipo serikali ilipoanza kubadilisha vibao. Mwaka 1975 IRSAC ikamezwa na IRS, chombo kimoja cha utafiti cha Zaire yote, kama vyuo vikuu vilivyokwisha kuunganishwa kuwa kimoja mwaka 1971. Baadaye Lwiro ikawa CRSN, jina ililo nalo hadi leo. Hakukuwa na amri ya kufunga. Bajeti ilibaki kwenye karatasi, mshahara ukawa hautoshi hata nauli ya kwenda kazini, na wafadhili wa nje wakawa ndio wanaoamua nini kipimwe.

Matokeo yake yalionekana Goma. Kituo cha kuchunguza volkano kilichoanzishwa mwaka 1986 kilitokana na watu wa Lwiro. Siku chache kabla Nyiragongo haijamwaga moto tarehe 17 Januari 2002, Dieudonné Wafula wa kituo hicho alikwisha kutoa tahadhari akitumia vyombo vichache mno; hakusikilizwa. Mwaka 2020 fedha za Benki ya Dunia zilikatika, na kituo kikakosa hata pesa ya intaneti ya kuleta takwimu kutoka mlimani. Tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka bila tangazo.

Wafaransa wa 1793 walau walijua wanachokivunja, ndiyo maana waliweza kukirudisha baada ya miaka miwili hivi. Kinachoachwa kimyakimya hakina siku ya kufa, na mbunge hana tarehe ya kuulizia.

Wiki ijayo tutavuka mpaka hadi Kampala. Huko akademia ya sayansi iliyoanzishwa mwaka 2000 inaishauri serikali bila kuwa idara ya wizara, nasi tutafuatilia anayelipa gharama zake.