Hodi Kiandutu, hodi Ruiru

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka vijana kutoka Ulaya na Marekani hufunga safari hadi Kenya ili kujitolea katika zahanati za mashambani. Hukaa wiki chache, hupiga picha na watoto, kisha hurejea kwao. Hatuwabezi, kwani wapo wanaofanya kazi ya maana. Lakini kuna mtu mwingine wa kujitolea ambaye hapandi ndege. Yamkini, msomaji, mnaishi naye mtaa mmoja, na huenda hujawahi kumfungulia mlango.

Huyu ni mhudumu wa afya wa mtaani. Serikali ilianzisha mpango wa afya ya jamii mwaka 2006, na kwa miaka mingi wahudumu hawa, wengi wao akina mama, walifanya kazi bila mshahara. Mnamo Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua wahudumu 100,000 kote nchini. Walipewa jina jipya, wahamasishaji wa afya, pamoja na simu na mkoba wa vifaa vya kupimia sukari, shinikizo la damu na joto la mwili. Kila mmoja hutarajiwa kuhudumia takriban nyumba 100.

Twende kwanza Kiandutu, mtaa wa mabanda mjini Thika, ambao jina lake kwa Kikuyu linatokana na funza. Mabati yamebanana kiasi kwamba mtu akikohoa, jirani wa nyumba ya tatu anasikia. Ubaya wa msongamano huo ni kifua kikuu na maradhi ya kuhara. Uzuri wake, kwa mhudumu, ni kwamba hakuna siri: anajua nani ni mjamzito na nani amelala ndani siku ya tatu.

Hupiga hodi mapema, kabla ya akina mama kutoka kutafuta vibarua. Huomba kadi ya kliniki na kutazama chanjo ya surua, ile ya miezi 9 na ile ya miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo husahaulika. Kisha humfunga mtoto utepe kwenye mkono wa juu. Ukisoma kijani, heri. Ukisoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, mtoto ana utapiamlo mkali na safari ya kituo cha afya haingoji kesho.

Kazi ngumu zaidi ni kumfuata mgonjwa wa kifua kikuu. Dawa kwa kawaida ni za miezi 6, lakini baada ya wiki chache mtu hupata nafuu, huona amepona, na huanza kumkwepa mhudumu kama anayemkwepa mwenye duka la mkopo.

Ukishika barabara kuu kuelekea Nairobi, unafika Ruiru, na mambo ni mengine kabisa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban watu 490,000 katika mji huo, wengi wakiwa wapangaji wa magorofa wanaoondoka alfajiri na kurudi usiku. Langoni kuna askari anayedhani mhudumu anauza sabuni. Ndani kuna yaya asiyejua kadi ya mtoto iliwekwa wapi. Hivyo mhudumu hulazimika kurudi Jumapili, siku ambayo angekuwa na watoto wake. Ajabu ni kwamba mtoto wa gorofani anaweza kukosa chanjo kirahisi kuliko wa Kiandutu, kwa sababu tu hakuna anayemjua.

Na malipo je? Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Piga hesabu: ni shilingi 50 kwa kila nyumba. Hapo hujatoa nauli, wala viatu vinavyolika kwenye matope ya Aprili. Tena katika kaunti mbalimbali kumesikika malalamiko ya posho kucheleweshwa.

Daktari akimaliza zamu huenda kwake. Mhudumu yuko kwake tayari. Saa nane za usiku mlango hugongwa: mke wa jirani ameshikwa na uchungu. Hutafutwa gari la kwenda Hospitali ya Thika Level 5, dereva hutaka pesa kwanza, na mara nyingi anayefungua kibeti ni yeye.